Mizani Peke Yake Haitoshi: Namna za Kupima Mafuta ya Mwili kwa Vijana Wetu

Hapa Naviundu, katika mji wa Lubumbashi, neno "umenenepa" linaweza kuwa sifa, tena linaweza kuwa hukumu. Mama mkwe akimwambia bibi arusi, ni sifa: maana yake mume anamtunza vizuri. Mganga akilisema akiwa ameshika kalamu, ni onyo. Na neno "umekonda" ni zito zaidi. Mtu akiambiwa hivyo mbele ya wenzake, wote wanaanza kujiuliza moyoni: ni ugonjwa gani, ama ni njaa?

Siku hizi makanisa mengi yanapima afya ya vijana baada ya ibada. Meza inawekwa uani, mizani chini, kipimo cha presha mezani. Ni kazi njema, na tunamshukuru Mungu kwa wauguzi wanaojitolea. Lakini tumeona pia kijana akirudi nyumbani na karatasi yenye neno moja lililomwumiza, na neno lenyewe pengine halikuwa la kweli kwake. Na tumeona mwingine akirudi anafurahi, wakati ni yeye aliyepaswa kuangaliwa zaidi.

Kwa hiyo tunataka kueleza, kwa maneno ya kawaida, namna mbalimbali za kupima mafuta ya mwili, kila moja inaweza nini, na inakosea wapi. Tutachukua mfano wa vijana wawili. Wa kwanza ni ndugu mwenye miaka 24, kazi yake kubeba matofali na saruji: ana kilo 81 na urefu wa mita 1,74. Wa pili ni dada mwenye miaka 22, anauza mandazi, anakaa kutwa nzima: ana kilo 54 na urefu wa mita 1,50. Hao si watu wa kweli, lakini katika kila kwaya yetu utawakuta.

Kwanza: mafuta si adui

Mungu hakuweka mafuta mwilini kwa bahati mbaya. Yanahifadhi nguvu za siku ya upungufu, yanatunza joto, yanazunguka viungo vya ndani kama godoro. Mwanamke anahitaji mafuta mengi kuliko mwanamume. Yakipungua mno, hata siku zake za mwezi zinaweza kukatika. Kwa vijana wenye miaka 20 hadi 39, wataalamu wengi huona kwamba mafuta ya kawaida kwa mwanamume ni kati ya asilimia 8 na 20 hivi ya uzito wake, na kwa mwanamke kati ya asilimia 21 na 33 hivi.

Tena mafuta si ya namna moja. Kuna yale yaliyo chini ya ngozi, kwenye mapaja, makalio na mikono. Na kuna yale yanayojificha ndani ya tumbo, kuzunguka ini na matumbo. Hayo ya ndani ndiyo yanayofuatana zaidi na ugonjwa wa sukari, presha na magonjwa ya moyo. Watu wawili wanaweza kuwa na kilo sawasawa za mafuta, lakini hatari yao isiwe sawa, kwa sababu mafuta yamekaa mahali tofauti.

Namna ya 1: jicho

Hii ndiyo namna ya zamani kuliko zote. Katika Danieli sura ya 1, vijana wanne wanaomba wapewe mboga na maji kwa siku kumi, kisha wafananishwe na wenzao wanaokula chakula cha mfalme. Msimamizi hakuwa na mizani. Aliangalia nyuso na miili yao tu, akaona tofauti, na Danieli na wenzake ndio walioonekana wamenawiri zaidi.

Jicho linaona haraka na halina bei. Lakini linadanganywa na nguo, na mazoea ya mahali, na upendeleo. Mahali ambapo unene ni dalili ya baraka, jicho litamwita mnene "mzima" na mwembamba "mgonjwa". Samweli mwenyewe, nabii wa Mungu, alipomwona Eliabu mwana wa Yese alidhani ndiye, kwa sababu ya urefu na umbo lake, na Bwana alimsahihisha.

Namna ya 2: kilo na urefu

Waganga wetu wanaiita IMC. Unachukua kilo za mtu, unagawanya kwa urefu wake kwa mita, kisha unagawanya tena kwa urefu uleule. Chini ya 18,5 mtu anahesabiwa kuwa amekonda. Kuanzia 18,5 hadi chini ya 25 ni kawaida. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene wa kupita kiasi.

Hesabu hii ilitokana na kazi ya Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hesabu wa Ubelgiji, katika miaka ya 1830. Hakuwa mganga, wala hakuwa anatafuta mafuta. Alikuwa anatafuta umbo la mtu wa wastani katika umati. Karne moja na zaidi ikapita, na mwaka 1972 mtafiti wa Marekani, Ancel Keys, pamoja na wenzake, akaipa hesabu hiyo jina inalojulikana nalo leo. Ilipendwa kwa sababu ni rahisi, na inapopimwa kwa watu maelfu inaonyesha vizuri kama taifa linanenepa ama linakonda.

Shida inakuja tunapoileta kwa mtu mmoja. IMC haijui tofauti kati ya mafuta, msuli, mfupa na maji. Ndugu yetu wa matofali, tukipiga hesabu, anapata karibu 26,8. Karatasi itaandika: uzito umezidi. Dada yetu wa mandazi anapata 24 kamili. Karatasi itaandika: kawaida.

Kosa hili linajulikana tangu zamani. Mwaka 1942, mganga wa jeshi la majini la Marekani, Albert Behnke, pamoja na mwenzake, walipima wachezaji 25 wa mpira wa Kimarekani. Kwa sheria za uzito za wakati ule, 17 kati yao wangekataliwa jeshini kwa sababu ya unene. Lakini walipopimwa ndani ya maji, ikaonekana kwamba wengi wao walikuwa na mafuta machache. Uzito wao ulikuwa msuli. Walikuwa miongoni mwa vijana wenye nguvu kuliko wote, na mizani ingewarudisha nyumbani.

Namna ya 3: mita ya fundi cherehani

Hapa tunapima kiuno. Si pale mkanda wa suruali unapokaa. Mtu anasimama wima, anatafuta kwa vidole ubavu wa mwisho chini na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, na mita inapita katikati ya hapo viwili, ikiwa sawasawa kuzunguka mwili. Anapumua kawaida, na hesabu inasomwa anapomaliza kutoa pumzi. Asivute tumbo ndani, na mpimaji asikaze mita mpaka izame katika ngozi.

Mita haipimi mafuta yote. Inatoa habari ya tumbo, pale penye hatari kubwa zaidi. Kanuni moja rahisi inasema: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Ndugu wa matofali ana kiuno cha sentimita 79 kwa urefu wa 174. Hiyo ni 0,45, chini ya nusu. Dada wa mandazi ana sentimita 84 kwa urefu wa 150. Hiyo ni 0,56, imepita nusu. Tazama basi: yule aliyeonywa na mizani hana tumbo la hatari, na yule aliyesifiwa na mizani ndiye anayehitaji kuangaliwa.

Kwa muda mrefu mipaka ya kiuno iliyotumiwa kwa Waafrika iliazimwa kwa Wazungu: sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake. Watafiti walipokusanya vipimo vya watu zaidi ya 24 000 kutoka nchi nane za Afrika kusini mwa Sahara, waliona kwamba mpaka unaofaa zaidi kwetu ni karibu sentimita 81, kwa wanaume na wanawake vilevile. Maana yake ni kwamba mwanamume wa kwetu mwenye kiuno cha 88, aliyeambiwa hana shida, pengine alipaswa kupimwa sukari na presha.

Ipo pia hesabu inayogeuza kiuno kuwa makisio ya asilimia ya mafuta, iliyotolewa Marekani mwaka 2018. Gawanya urefu kwa kiuno, zidisha kwa 20, kisha toa jibu lako katika 64 kama ni mwanamume, ama katika 76 kama ni mwanamke. Ndugu wetu anapata karibu 20. Dada yetu karibu 40. Tukumbuke kwamba hesabu hii ilitengenezwa kwa vipimo vya watu wa Marekani, kwa hiyo ni makisio tu. Lakini inasema jambo lilelile mita ilikuwa imesema.

Namna ya 4: koleo ya ngozi

Mpimaji anakunja ngozi pamoja na mafuta yaliyo chini yake kwa vidole viwili, anaivuta kidogo, kisha anapima unene wa mkunjo kwa koleo maalumu yenye nguvu inayojulikana. Mwaka 1974, Durnin na Womersley wa Glasgow walitoa majedwali yaliyotokana na watu 481, wanaume na wanawake wenye miaka 16 hadi 72. Walipima mahali panne: mbele ya mkono wa juu, nyuma yake, chini ya mfupa wa bega, na juu ya nyonga. Ukijumlisha milimita za pale panne, jedwali linakupa asilimia ya mafuta.

Koleo haihitaji umeme, na mikononi mwa mtu aliyezoea inakosea asilimia 3 ama 4 hivi. Mikononi mwa mtu asiyezoea kosa linakua sana: akikunja sentimita mbili pembeni tu, hesabu inabadilika. Tena inagusa ngozi ya mtu chini ya nguo. Kwa hiyo si kazi ya uani pa kanisa mbele ya watu, na dada apimwe na dada.

Namna ya 5: umeme mdogo

Mizani mipya yenye vibao vya chuma inauzwa sasa hata katika maduka ya mjini. Unapanda bila viatu, na baada ya muda mfupi inaandika asilimia ya mafuta. Wengi wanadhani mashine imeona mafuta. Haikuyaona. Inapitisha umeme mdogo sana, usiosikika, kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Msuli una maji mengi na unapitisha umeme. Mafuta yana maji machache na yanauzuia. Mashine inapima kizuizi hicho, kisha inakisia mafuta kwa hesabu iliyowekwa ndani yake na mtengenezaji, ikitumia pia umri, urefu na jinsia.

Basi, ukiwa na kiu, ama umetoka kucheza mpira ukatoka jasho, ama umekunywa maji mengi, jibu linabadilika bila mafuta kuongezeka wala kupungua. Aina nyingi zinapima zaidi miguu na kukisia tumbo. Mama mjamzito na mtu mwenye mashine ya moyo mwilini wasiitumie. Faida yake ni kufuatilia mtu mmoja kwa muda mrefu, kwa mashine ileile, asubuhi kabla ya kula. Haifai kushindanisha watu wawili.

Namna ya 6: vipimo vya waamuzi

Vipimo vyote tulivyotaja vilihitaji kitu cha kulinganishwa nacho. Cha kwanza ni kupima mtu ndani ya maji. Mafuta ni mepesi kuliko msuli, kwa hiyo mwenye mafuta mengi anaelea zaidi. Cha pili ni mashine ya miale ya aina mbili, inayotofautisha mfupa, mafuta na nyama nyingine, na kuonyesha mafuta yamekaa wapi. Cha tatu kinatumia maji yenye haidrojeni nzito: mtu anakunywa kiasi kidogo, anasubiri saa kadhaa, kisha mate yake yanapimwa ili kujua mwili wake una maji kiasi gani. Kwa kuwa sehemu isiyo na mafuta ina maji karibu asilimia 73, mafuta yanajulikana kwa kutoa.

Namna hii ya tatu imesaidia Afrika, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Ilitumiwa kuwapima watoto wa shule wa nchi kadhaa, zikiwemo Kenya na Tanzania. Ikaonekana kwamba kilo na urefu peke yake ziliwakosa watoto wengi wenye mafuta yaliyozidi.

Lakini hata waamuzi hawa wana makisio ndani yao. Hesabu ya maji, kwa mfano, inadhani msuli na mfupa wa kila mtu una uzito uleule kwa ujazo wake, na si hivyo kabisa. Kwa hiyo mtu akikuambia "una mafuta asilimia 23,7", mshukuru, lakini usiapie ile 7.

Jambo linalotugusa sisi wa mashariki

Huko Lwiro, wilaya ya Kabare, Kivu ya Kusini, kuna hospitali iliyotibu watoto wengi wenye utapiamlo mkali, ule ambao wengi wetu tunauita bwaki. Watafiti wa Bukavu na wa Ubelgiji walichukua daftari za watoto waliotibiwa kati ya 1988 na 2007, wakaenda kijiji kwa kijiji kuwatafuta. Walipata zaidi ya 500 ambao sasa ni vijana, wengi wakiwa na miaka ishirini na kitu, wakawalinganisha na wengine zaidi ya 400 wa mahali palepale ambao hawakuugua hivyo.

Waliochapisha kazi hiyo mwaka 2021 walieleza kwamba waliopona bwaki walikuwa na kiuno kikubwa zaidi kikilinganishwa na urefu wao, na nyonga ndogo zaidi. Kwa wastani tofauti ilikuwa ndogo, lakini mafuta ya tumboni na ule mkusanyiko wa dalili zinazotangulia sukari na magonjwa ya moyo vilikuwa vingi zaidi kwao.

Fikiri maana yake. Mtoto aliyekosa chakula anakua na mwili uliojifunza kuhifadhi, na akipata chakula baadaye, sehemu yake inakaa tumboni. Hatusemi kila aliyeugua bwaki atapata sukari; hapana. Lakini mashariki yetu, miaka ya vita na ya kukimbia imeacha vijana wengi wa namna hiyo, na wengine wamefika mpaka huku Katanga. Tukiwapima kwa mizani tu, wanaweza kuonekana wa kawaida, hata wembamba. Mita ya fundi cherehani ndiyo inayoweza kutuambia tumwombe mmoja wao aende kupimwa damu.

Tufanye nini basi makanisani?

Kwanza, pale penye mizani pawe na mita mbili: ya ukutani kwa urefu, na ya kiuno. Vyote vitatu pamoja havina bei kubwa, na kwa swali letu vinatosha kuliko mizani ya umeme iliyonunuliwa kwa gharama.

Pili, pima kila mara kwa namna ileile: bila viatu, bila koti, mahali palepale pa mwili, na kwa mtu yuleyule ikiwezekana. Kiuno kipimwe mara mbili. Vikitofautiana zaidi ya sentimita moja, rudia.

Tatu, pima mahali pa faragha. Hesabu ya mtu isitangazwe, isiandikwe ubaoni, wala kuingizwa katika mahubiri kama mfano. Kijana aliyechekwa mara moja hatarudi kupimwa.

Nne, tusimpe mtu jina la ugonjwa kwa sababu ya hesabu moja. Kiuno kikizidi nusu ya urefu, neno letu liwe: "Ndugu, dada, nenda kituo cha afya wakupime presha na sukari." Na aliye chini ya 18,5 asisahauliwe. Kukonda nako kunahitaji kuangaliwa kwa upole, kwa sababu pengine nyumbani kuna njaa, na hapo kazi ni ya mashemasi kabla ya kuwa ya mganga.

Tano, tuwaambie vijana ukweli juu ya dawa za kunenepesha. Katika nchi yetu wengi wanameza siproheptadini, ama deksametazoni, ili waonekane wamenawiri. Ya kwanza ni dawa ya mzio, inaongeza usingizi na hamu ya kula. Ya pili ni dawa kali: ikitumiwa ovyo inajaza uso na tumbo, inapandisha sukari na presha, na kuiacha ghafula baada ya muda mrefu kunaweza kuhatarisha uhai. Hayo ndiyo mafuta ya mahali pabaya kabisa, yaliyonunuliwa kwa franga zetu wenyewe.

Kwa chakula na kazi, ushauri hautofautiani sana na ule ambao mama zetu waliujua: bukari kwa kiasi, sombe na maharage kwa wingi, samaki tukipata, sukari na mafuta ya kukaangia vipungue, na mwili utembee. Dada wa mandazi hahitaji kufunga mpaka azimie. Anahitaji kusimama, kutembea kwenda sokoni, na kunywa maji pale anapokunywa soda.

Kitabu cha Mithali kinarudia zaidi ya mara moja kwamba Bwana anachukia mizani ya udanganyifu. Sisi huwa tunawafikiria wauzaji wa unga. Lakini mizani iliyo safi kabisa nayo inaweza kudanganya, ikiulizwa swali ambalo haiwezi kulijibu. Ndugu wa matofali aondoke kwetu bila aibu. Dada wa mandazi aondoke kwetu na barua ya kwenda kituo cha afya. Wote wawili wajue kwamba mwili wao ni hekalu la Roho Mtakatifu, katika unene ama wembamba, na kwamba tunaupima kwa sababu tunawapenda.

Bwana awatunze vijana wetu, mwili na roho.